Simba wa Shilingi na Simba wa Sinema

 

 Nakuandikia haya nikiwa Wanging'ombe, katika nyanda za Njombe, mahali ambapo alfajiri mtu hutia udhu kwa maji yanayouma mifupa, na ambapo sisi Waislamu tu wachache sana. Asili yangu ni Tanga, ila riziki ya kusomesha ndiyo iliyonileta huku bara. Siku moja baada ya sala ya Alasiri alinijia mzee wa Kibena, si Mwislamu, ameshika kopo la bati. Alilikuta alipokuwa akibomoa nyumba ya marehemu baba yake, ambaye ujanani alipata kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge huko kwetu. Ndani mlikuwa na senti zenye tundu katikati, zile za pembe za ndovu, na shilingi tano za simba. Akazimwaga juu ya mkeka, akaniambia, "Shehe, zitazame. Lakini usiniambie ni nzuri wala ni mbaya. Nitakwenda kuzipima mwenyewe."

Maneno yale yalinichoma, na alikuwa na haki ya kuyasema. Sababu yake nitakueleza mbele.

Nikaiokota shilingi moja. Upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Tano mwenye taji, kimezungukwa na maneno ya Kilatini. Upande wa pili simba amesimama, na nyuma yake milima. Mwaka 1924. Mara nikakumbuka jambo la utotoni. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi, na chuoni mwalimu wetu alitukataza kabisa kwenda sinema. Nami nilikwenda. Taa zilipozimwa akatokea simba ndani ya duara, akageuza kichwa akanguruma, na mtoto mwenzangu niliyekaa naye akaninong'oneza, "Simba wa shilingi!" Wakati ule shilingi zile ndiyo kwanza zimeacha kutumika, na watoto tulikuwa tukizichezea. Mwenzangu alidhani simba ni yule yule, ametoka katika shilingi amekuja kunguruma ukutani.

Sitaki hapa kuingia katika mas'ala ya sinema kuwa halali au haramu, maana wenzangu wameyaandika mara nyingi. Nataka tulitazame lile neno la mtoto, kwa sababu kila nikilipima naliona lina maana.

Kampuni ya Marekani iitwayo Metro-Goldwyn-Mayer iliundwa mwaka huo huo wa 1924. Simba wake ilimrithi kutoka kampuni ya Goldwyn iliyotangulia, akakaa ndani ya utepe wa duara wenye maneno ya Kilatini yasemayo kuwa sanaa ni kwa ajili ya sanaa. Basi mnyama yu katikati, na pembeni yake maneno yasiyosomeka na watu wengi, kama sarafu ilivyo. Kampuni ya Paramount tangu mwaka 1914 ina mlima wenye nyota, na mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa na vita, waliifanya karakana ya reli ya Tabora kuwa mahali pa kupigia sarafu, wakapiga rupia 15 za dhahabu zenye ndovu mbele ya mlima. Kampuni ya Columbia ina mwanamke aliyeinua mwenge, na shilingi yetu ya Tanzania ya mwaka 1966 ina mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru. Wafaransa nao, kampuni yao ya Pathé ilichukua jogoo, na jogoo huyo alikuwa tayari juu ya sarafu yao ya dhahabu ya faranga 20 iliyoanza kupigwa mwaka 1899.

Je, nani kamuiga nani? Kwa hakika aghlabu hakuna aliyemuiga mwenziwe. Wote wameteka katika kisima kimoja cha kale. Katika nchi ambayo leo ni Uturuki, wafalme wa Lydia walipiga kichwa cha simba juu ya sarafu zao zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, na sarafu hizo ni katika za mwanzo kabisa duniani. Simba, mlima, moto, tai na taji ni lugha ya wenye nguvu wanaposema na watu wasiowajua. Jirani yako hahitaji muhuri. Akikukopa pishi ya mchele unajua mlango wake na unajua mama yake. Mgeni ndiye anayehitaji muhuri, kwa sababu anataka umuamini kabla hujajua alicholeta. Anayekupa sarafu anakuambia, pokea kidude hiki, uniachie ng'ombe wako. Mwenye sinema anakuambia, nipe fedha yako sasa na saa tatu za maisha yako, kisha ndipo utaona nilichonacho. Wote wawili wanadai imani mbele ya mali, na kwa hiyo wote wawili hutanguliza simba.

Pia wote wawili waliogopa wezi wa namna moja. Sarafu ilitiwa meno pembeni ili mtu asiikate kingo akajiwekea ile fedha. Na katika miaka ya mwanzo ya sinema, filamu zilipokuwa zikinakiliwa kwa wizi, kampuni ya Pathé ilikuwa ikimtundika jogoo wake hata ndani ya chumba wanamochezea, ukutani nyuma ya wachezaji, ili anayeiba picha amuibe na jogoo pamoja nayo.

Sasa ndugu msomaji usiseme, "Haya ni mambo ya makafiri, sisi yametuhusu nini?" Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alivaa pete ya muhuri. Alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kuwa hao hawaipokei barua isiyo na muhuri, akafanya pete ya fedha iliyochorwa kwa mistari mitatu jina lake na utume wake, na akawakataza watu wengine wasichore mfano wake. Hapana picha ya mnyama wala ya mtu. Lakini jambo lenyewe, kwamba neno lipewe alama ili mgeni alisadiki, hakulikataa.

Na historia ya sarafu zetu ina mazingatio makubwa. Waislamu wa mwanzo katika nchi ya Sham walitumia dinari za Warumi, kisha wakazipiga kwa mfano huo huo na wale wafalme wao watatu waliosimama, ila msalaba wameuvunja mkono ukabaki mti tu. Baadaye Khalifa Abdul-Malik bin Marwan akapiga sarafu zenye sura yake mwenyewe amesimama na upanga. Halafu mwaka 77 wa Hijra, yaani 696 wa miladi, akaziondoa sura zote akaweka maneno ya tauhidi, na humo mna maneno ya Suratul-Ikhlas. Jambo hili wahubiri hulisimulia sana. Wanalolisahau ni kuwa Khalifa huyo aliweka na uzani mpya wa dinari, kiasi cha gramu nne na robo, na huko Misri watawala walitengeneza mawe ya kioo ya kupimia ili mtu yeyote sokoni aweze kuhakikisha. Angeliweka maneno matukufu tu bila ya uzani, angelikuwa amebadilisha muhuri na kuiacha hatari pale pale.

Wala wafalme wetu hawakudumu na mwendo huo. Sultani Baybars wa Misri, mpiganaji mkubwa wa Uislamu katika karne ya 13, aliweka simba juu ya dirhamu zake kama wafalme wengine. Huku kwetu masultani wa Kilwa walishika maandishi, na sarafu zao zina maneno ya kumtegemea Mungu upande mmoja na jina la sultani upande wa pili, pande mbili zikioana kwa vina kama shairi. Ama Sayyid Barghash wa Unguja, pesa yake ya shaba ya mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, ina jina lake kwa Kiarabu upande mmoja, na upande wa pili ina picha ya mizani. Mimi katika alama zote nilizozitaja naipenda hiyo kuliko zote. Mnyama anakuambia niogope, na mizani inakuambia nipime.

Lakini tusijidanganye kuwa hati ya Kiarabu inatosha. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mwaka uliofuata, 1890, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilileta pesa yake ya shaba, upande mmoja tai wa Kaizari, na upande wa pili maandishi mazuri ya Kiarabu yanayoitaja kampuni hiyo ya Kijerumani. Watu wa Pangani na Bagamoyo waliisoma kwa herufi zile zile walizofundishwa kwa wino na ubao. Herufi hazikuwa na kosa, walakini zilitumwa kazi ya simba. Na katika sinema za Kihindi zilizopendwa sana pwani, Mehboob Khan aliyetengeneza Mother India mwaka 1957 alikuwa Mwislamu, na filamu zake zilifunguliwa kwa nembo ya nyundo na mundu pamoja na maneno ya Kiurdu ya kwamba huwa lile alitakalo Mungu tu. Bibi zetu walikuwa wakisikia maneno hayo wakaona nyoyo zao zimetua, na picha yenyewe bado haijaanza.

Narudi Wanging'ombe. Yule mzee alizipanga shilingi zake tano juu ya mkeka, na kila moja akaigeuza simba alale chini, mfalme awe juu. Nikamuuliza, "Mzee wangu, mbona wafanya hivyo?" Akanijibu kuwa shangazi yake aliliwa na simba njiani akitoka shamba, na nyumbani kwao baba yake hakupenda watoto wachezee upande ule.

Huenda wewe uliyeko pwani hukupata kuyasikia haya. Tangu yapata mwaka 1932 hata 1947, katika nchi hii ya Njombe, na Wanging'ombe ikiwa katikati yake, palikuwa na kundi la simba wala watu. Bwana Nyama wa serikali, George Rushby, aliyeletwa mwishoni kuwawinda, alikadiria kuwa waliokufa ni watu wapatao 1,500. Simba 15 waliuawa katika msako huo. Watu wa hapa wengi hawakuamini kuwa ni bunduki iliyoyamaliza. Walisema simba hao walitumwa na mganga aitwaye Matamula Mangera aliyevuliwa cheo chake, na kwamba walikoma aliporudishiwa. Sisi itikadi yetu haitupi ruhusa ya kusadiki hivyo, lakini woga wa watu wale tusiucheke.

Basi fikiri. Katika miaka hiyo hiyo mtu wa Wanging'ombe alidaiwa kodi, na kodi ilitakiwa kwa shilingi, na shilingi ina simba. Ili aipate alikwenda Tanga kukata mkonge, au aliuza mazao akapita kwa miguu katika njia ambayo simba wa kweli anamngoja. Na miaka ya 1935 hadi 1937 huko Vugiri, Usambara, kulikuwa na kazi ya kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, zikizungushwa kwa lori, na katika filamu hizo mlikuwamo ya kodi na ya kuweka fedha katika benki ya posta. Hapo sarafu na sinema zilikutana waziwazi, moja ikimfundisha mtu namna ya kuiheshimu nyingine.

Hapa ndipo ninapoiona tofauti ambayo mtoto mwenzangu hakuiona. Simba wa shilingi hakupokewa kwa kupendwa wala kwa kuaminiwa. Alipokewa kwa kuwa askari wa kodi hapokei kitu kingine. Simba wa sinema hakuwa na askari. Sisi wenyewe tulimwendea usiku, tukampa senti zetu, tukafurahi kunguruma kwake. Ukinitaka niseme ni yupi aliyeingia ndani zaidi ya moyo wa mtu, nitasema ni wa pili.

Na ndani ya simba wa shilingi mlikuwa na nini? Rupia ya Kihindi iliyokuwa ikitumika kabla yake ilikuwa na fedha safi zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Shilingi ya simba kuanzia 1921 ilikuwa na fedha robo tu. Kuanzia mwaka 1948 haikuwa na fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Simba hakubadilika hata unywele mmoja. Sisemi ilikuwa wizi, kwa sababu sarafu nyingi duniani zimekwenda njia hiyo na biashara haikusimama. Nasema tu kuwa aliyemtazama simba hakupata habari.

Sasa nikueleze sababu ya yale maneno ya mzee.

Miezi kadhaa kabla yake jirani yangu mmoja, kijana mkulima wa viazi, alijiwa na wageni wawili waliomwambia wana rupia ya dhahabu ya Mjerumani. Huku nyanda za juu hadithi za mali iliyofukiwa na Wajerumani haziishi. Kijana hakuwaamini, akaja kwangu nayo. Akaniambia, "Shehe, wewe ni mtu wa vitabu. Hii ni ya kweli?" Nikavaa miwani. Nikaona ndovu, nikaona mlima, nikageuza nikaona tai na mwaka 1916. Nami habari za rupia ya Tabora nilizisoma zamani, na nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba nimeulizwa jambo ninalolijua. Nikamwambia, "Ndiyo yenyewe. Sura ni ile ile."

Akauza fahali wawili na viazi vya msimu. Alipoipeleka kwa sonara ikawekwa juu ya mizani, ikawa nyepesi, maana ile ya kweli ina uzani wa gramu saba na kidogo. Ilikuwa shaba iliyopakwa rangi. Wageni hawakuonekana tena.

Nilipomwendea kumpa pole alinitazama akasema, "Wale sikuwaamini, Shehe. Nilikuamini wewe."

Nimelifikiri neno hilo nyakati nyingi za usiku. Wale wezi walikuwa na ndovu na tai, na havikutosha. Kijana alikuwa na akili ya kutosha kuikataa picha. Walichopungukiwa kilikuwa kanzu yangu, na kofia yangu, na ndevu zangu nyeupe, na miaka yangu ya kusomesha. Niliviazima bila ya malipo. Nilikuwa mimi ndiye simba ndani ya duara, nikanguruma. Nami ni mtu ninayewasomesha watoto kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, akaona juu kukavu na chini kumelowa, akamkemea mwenye mali. Angeweza kulitazama rundo kwa macho akapita zake. Alitia mkono. Mimi sikutia mkono, na sonara yuko Makambako, mwendo mfupi kwa gari.

Katika vitabu vya fikihi imo mas'ala ya mvunja fedha, yule tuliyekuwa tukimwita sarafu kabla neno hilo halijahamia kwenye fedha yenyewe. Mtu anamuuliza kama dirhamu ni njema, anajibu ni njema, kisha yadhihirika kuwa mbovu. Wanavyuoni wameijadili. Wako waliosema neno tupu halimlazimishi mtu kulipa, na wako waliotofautisha baina ya aliyechukua ujira na asiyechukua. Mimi sikuchukua hata shilingi. Ningeweza kusimama juu ya kauli hiyo, na pengine hapana kadhi ambaye angenihukumu. Lakini nilipoisoma tena niliona kuwa naisoma kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea, na usomaji wa namna hiyo naujua, nimewaona watu wengi wakija nao kwangu. Nikamwambia kijana nitamlipa nusu ya hasara yake, kidogo kidogo kila mwezi. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali, na ninashukuru kuwa alikubali.

Yule mzee alizirudisha shilingi zake koponi akaenda zake Makambako. Siku ya tatu akapita tena mlangoni kwangu. "Robo," akasema. "Sonara amezisugua juu ya jiwe. Fedha ni robo." Nikamwambia hivyo ndivyo nilivyosoma hata mimi. Akatikisa kichwa, akakaa kibarazani, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na yule kijana, umekwisha kumlipa?"

Nikamjibu, "Nimebakiza miezi minne."

"Ninalo kopo jingine nyumbani," akasema akiinuka. "Nitakuletea mwezi wa tano."